Mawe ya Josho na Ng'ombe Wasioisha

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, niliwahi kuhesabu kinyumenyume kutoka sitini na nane mpaka sifuri mbele ya watu, na hapana, sikuwa nimelewa. Nilikuwa kazini. Nyie vijana mnaoanza kazi ya mifugo leo, mnaokuja na pikipiki na kishikwambi mgongoni, najua habari hiyo mmeisikia nusunusu huko Masumbwe, kila msimulizi kaiongezea chumvi yake. Leo naisema mwenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mwalimu wa hesabu wa kijijini kwetu nusura afukuzwe, na kwa nini mimi Mabula, mhudumu wa josho mstaafu, darasa la saba, ndiye niliyesimama kumtetea kwa jambo ambalo mpaka leo sikubaliani naye.

Nilifanya kazi kwenye josho moja tu maisha yangu yote. Mnalijua: shimo refu la saruji lenye maji ya dawa ya kupe, ng'ombe anaruka huku, anaogelea, anatokea kule amekasirika. Kazi inaonekana ya kijinga mpaka uifanye. Aliyenifundisha ni Mzee Luhende, mtu mfupi, mkali, asiyependa maswali. Jambo la kwanza aliloniambia: nywesha ng'ombe maji kabla hawajaingia. Ng'ombe mwenye kiu ataruka na kunywa dawa, na wewe ndiye utakayemweleza mwenye ng'ombe. La pili: dawa hutuama chini, kwa hiyo wale wa kwanza kupita hawajaoga, wamekukorogea tu. Warudishe wapite tena. La tatu: wakitoka, wakae kwanza kwenye zizi la kuchuruzikia ili dawa irudi shimoni. Haya matatu yashikeni, hata kama siku hizi mnaogesha kwa bomba la mgongoni na mnajiona mmeendelea.

La nne hakuniambia mapema, na kimya chake kile kilinitia aibu.

Nilikuwa mgeni kazini, nina daftari jipya na kalamu ya wino sikioni. Akaja Mzee Nkwabi. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye ng'ombe waliojaza njia toka mtoni mpaka josho. Mimi nikasimama kwenye mlango wa kutokea, kifua mbele, nikaanza kuhesabu kwa sauti, maana idadi inatakiwa ili ujue dawa kiasi gani iongezwe. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa na sauti nzuri enzi hizo. Nilipofika sitini na nane nikaona watu wamenyamaza wote, na Mzee Luhende kashika kichwa.

Nkwabi akaweka fimbo yake mbele ya ng'ombe waliofuata, akawazuia. Akanijia taratibu.

"Kijana," akasema, "nani kakutuma uwamalize ng'ombe wangu?"

Kwetu Usukumani, mtu hatajiwi idadi ya ng'ombe wake hadharani. Ukiwahesabu, umewawekea mwisho, na ukishawawekea mwisho, huo mwisho unaanza kuwatafuta. Nililijua hilo tangu utoto, baba yangu mwenyewe alikuwa hivyo. Lakini nilidhani daftari la kazi limelifuta. Loo! Nilijidanganya vibaya sana.

Nikaomba radhi. Hakutaka radhi. Alitaka niwarudishe.

"Niwarudishe vipi, mzee? Wako hapo, wote wazima."

"Umewatoa kwa mdomo, warudishe kwa mdomo."

Nikamtazama Mzee Luhende aniokoe. Akanionyesha kidole, endelea. Basi nikasimama palepale, nikaanza: sitini na nane, sitini na saba, sitini na sita. Akina mama waliokuja kuchota maji wakatua ndoo zao kabisa ili wasikilize vizuri. Nilipofika moja nikanyamaza, nikajua nimemaliza.

"Bado," akasema Nkwabi. "Huyo mmoja bado umemshika."

"Sifuri," nikasema.

Hapo ndipo alipopumua. Akatoa fimbo njiani, ng'ombe waliobaki wakaendelea kuruka.

Mzee Luhende alinipa somo la nne jioni ileile, na halikuwa refu. Alitoa kibuyu kilichojaa vijiwe vya mtoni. Ng'ombe akiruka, unadondosha jiwe kwenye kibuyu kingine. Huyu na hili, huyu na hili. Hutaji kitu. Mwenye ng'ombe akishaondoka na vumbi lake limetulia, unamwaga mawe chini na kuyahesabu mpaka uchoke.

"Mawe yanahesabika," alisema. "Mawe hayafi."

Nikaitumia njia hiyo mpaka nastaafu. Serikali ilipoleta hereni za masikioni zenye namba, nilidhani Nkwabi atapigana. Akamuuliza ofisa, "Hiyo namba ni ya ng'ombe au ya hereni?" Ofisa akasema ya hereni. Nkwabi akasema basi wavisheni, hereni ni zenu.

Sasa tuje kwa mwalimu.

Shule yetu ya sekondari ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Yule wa mwisho alikwenda Segese Jumamosi moja kununua kalamu nyekundu, akakutana na mtu mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, mpaka leo hatujamwona wala kalamu hatujaiona. Kisha akaja Mwalimu Neema, binti wa Njombe, mwembamba, anavaa sweta huku sisi tunatoka jasho. Mjukuu wangu Shija alikuwa kidato cha tatu. Mtoto ambaye kitabu cha hesabu alikuwa anakitumia kufunikia mtungi, ndani ya muhula mmoja akawa anakisoma mpaka anakilalia. Ananiuliza maswali nashindwa, anacheka, ananifundisha. Nawaambieni ukweli, sijawahi kufurahi kushindwa kama kipindi kile.

Siku moja mwalimu akawafundisha kidato cha tatu jambo la ziada, halimo hata kwenye mtihani. Akawaambia chukueni namba zote za kuhesabia, moja, mbili, tatu, kwenda mbele bila kuisha. Sasa chukueni namba shufwa peke yake, mbili, nne, sita, nazo bila kuisha. Zipi nyingi? Darasa zima likasema za kwanza, maana hizi za pili ni nusu tu. Mwalimu akasema hapana, zinalingana.

Katika darasa hilo alikuwemo Kabula, mjukuu wa Nkwabi. Akarudi nyumbani akatangaza wakati wa chakula: "Mwalimu kasema nusu ni sawa na yote." Nkwabi akaacha kutafuna.

Labda ingeishia hapo. Lakini Nkwabi, kama wafugaji wengi, alikuwa ameweka baadhi ya ng'ombe wake kwa mtu wa Ushirombo, mtani wake aitwaye Malale, amchungie wakati wa kiangazi. Wiki hiyohiyo Malale akawarudisha. Nkwabi kasimama langoni na kibuyu chake, maana naye njia ya mawe aliipenda tangu alipoiona kwangu, akawa anatoa jiwe kwa kila anayeingia. Ng'ombe wakaisha, mawe yakabaki. Yalibaki mengi.

"Malale, wengine wako wapi?"

Sasa Malale alikuwa amekwisha kunywa togwa kwa Kabula na kusikia habari za shule. Akasema bila hata kutabasamu: "Mzee, hukusikia? Siku hizi nusu ni sawa na yote."

Ulikuwa utani. Ng'ombe waliobaki walikuwa nyuma mtoni, wamechoka miguu, na jua halijazama wakafika, kila mmoja akapata jiwe lake. Lakini kesho yake asubuhi Nkwabi akavaa koti na kushika njia ya shule.

"Leo ni utani," alimwambia mkuu wa shule. "Kesho mtu atalisema mahakamani, na ushahidi atauleta kwenye daftari la mjukuu wangu, lina alama ya vema ya mwalimu."

Wazee wengine wakamuunga mkono. Mkuu wa shule, mtu wa kupenda amani kupita kiasi, akasema uitishwe mkutano wa wazazi Jumamosi, na wazazi wakimkataa mwalimu, yeye ataandika barua ili ahamishwe. Shija alisikia hayo, akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mwakani. Akaniambia tu, "Babu, akiondoka yeye, mimi nimekwisha."

Ijumaa nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta anasahihisha madaftari, macho mekundu, na sikuuliza kwa nini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nieleze hilo jambo lako. Nieleze kama mtu wa josho."

Nikamsimulia habari ya mawe. Alipoisikia akaruka kwenye kiti. "Babu! Ndicho hichohicho! Wewe unajua kundi na mawe vinalingana bila kuhesabu, kwa sababu kila ng'ombe ana jiwe na kila jiwe lina ng'ombe. Sasa na mimi kila namba naipa jiwe lake, namba iliyo mara mbili yake. Moja na mbili. Mbili na nne. Tatu na sita. Niambie namba itakayokosa jiwe."

Nikafikiri. Sikuiona.

"Niambie jiwe litakalokosa namba."

Hilo nalo sikuliona. Nikaanza kukasirika. "Lakini moja, tatu, tano hazimo kwenye mawe! Umeacha nusu ya kundi nje, halafu unasema wametimia?"

"Nimewaacha nje, na bado wanalingana. Ndiyo maajabu ya kundi lisiloisha."

"Mwalimu," nikasema, "lango umelifunga?"

"Lango gani, babu?"

"La josho langu. Sijawahi kusema 'wote wamepita' kabla sijafunga lango. Hao wako bado wanaingia, na wataingia mpaka kiama. Hilo neno 'zote' umelitoa wapi?"

Badala ya kukasirika akacheka mpaka machozi, safari hii ya aina nyingine. Akasema hata wasomi wakubwa waligombana papo hapo. Wengine wanasema namba zote zipo tayari, zimekaa zizini, iwe umeziona au hujaziona. Wengine wanasema kama mimi, kwamba huwezi kusema zote, unaweza kusema tu ipo nyingine inakuja. Walinuniana, wengine hawakusalimiana. Akasema mpaka leo hata vitabu havijakubaliana namba za kuhesabia zianzie sifuri au moja.

"Hilo la sifuri lilishaamuliwa kwenye josho," nikamwambia. Nikamsimulia na hilo. Tulibishana mpaka michembe, viazi vitamu vikavu alivyoniandalia, ikaisha, na niliondoka pale sijakubali. Nasisitiza. Niliondoka nikijua kwamba kesho yake namtetea mtu ambaye kwa maoni yangu hajafunga lango.

Jumamosi mchana darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu Neema alikaa mbele, mikono imebana sweta. Nkwabi akasimama, sasa mzee kweli, na fimbo ileile. Akasema maneno machache: hana ugomvi na binti, lakini mtu anayefundisha watoto wa wafugaji kwamba nusu ni sawa na yote, anawalea wezi. Watu wakaguna kukubali. Mkuu wa shule akaanza kutafuta kalamu.

Nikasimama. Nikaweka vibuyu viwili mezani.

"Shikamoo, Mzee Nkwabi."

"Marahaba, Mabula. Leo usihesabu."

Watu wakacheka, na mimi nikapata nguvu. Nikachukua mawe kiganja kimoja, nikayapanga mezani, kila jiwe mbele ya mwenzake, safu mbili. Kisha nikaondoa nusu ya safu moja. Nikamuuliza mwalimu, "Hizi zinalingana?"

"Hapana, babu. Hata kidogo."

"Mtu akirudisha nusu ya kundi hivi, kwa hesabu yako ni sawa?"

"Ni mwizi," akasema. "Kundi lenye mwisho, nusu yake haiwezi kulingana nalo. Niliwaambia watoto hivyo. Nililosema linahusu kundi lisilo na mwisho peke yake."

"Kabula, ni kweli?" Mtoto akaangalia chini, akasema ni kweli, ila kengele ya chakula ilikuwa imelia na yeye alitoka kabla ya hapo. Bibi yake akamfinya.

Nikamgeukia Nkwabi. "Mzee, umesikia. Maneno ya mwalimu hayamgusi mwenye kundi lenye mwisho. Yanamgusa mwenye kundi lisilo na mwisho tu. Kwa hiyo nauliza kwa heshima yote: la kwako lina mwisho?"

Jamani. Mtu aliyenirudisha kutoka sitini na nane mpaka sifuri, sasa namuuliza mbele ya kijiji kama ng'ombe wake wana mwisho. Akisema wana mwisho, amejitamkia mwenyewe lile alilolikataa maisha yake yote. Akisema hawana, basi mbona analalamika kuibiwa, maana nusu yao inamtosha. Na isitoshe, ofisa mifugo kijana alikuwa amekaa dirishani, yule anayepita kila mwezi kuhimiza watu wapunguze mifugo. Niliona ameshafungua kishikwambi.

"Swali gani hilo mbele za watu?" akasema Nkwabi.

"Ni la hesabu tu, mzee."

Alimtazama ofisa. Alimtazama mwalimu, ambaye alikuwa hapumui. Kisha akamtazama Kabula, na hapo nadhani ndipo alipoamua, maana mtoto alikuwa analia kimyakimya. Tangu mwalimu huyu aje, naye alikuwa anakilalia kitabu.

"Lina mwisho," akasema. Watu wakashusha pumzi. Akainua fimbo kuwanyamazisha. "Ila ni mbali."

Darasa likalipuka. Wazee waligongana mabega kwa kucheka. Mkuu wa shule akarudisha kalamu mfukoni na kusema kikao kimefungwa, kabla mtu hajabadili mawazo. Mwalimu Neema alinifuata nje, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Babu, umewaambia watu wote kwamba niko sahihi."

"Sikusema hivyo. Nilisema huna hatia. Usahihi tutaongea siku nyingine."

Na tunaongea. Kila Alhamisi, siku ya kuogesha, anakuja josho, ambako bado nashinda ingawa nimestaafu, baada ya vipindi, tunagombana kuhusu lango. Hajanishinda. Shija anasema nami sijamshinda, lakini Shija anapendelea.

Nilikuwa nadhani Nkwabi amebaki na kinyongo. Mwezi ukapita hanisemeshi zaidi ya salamu. Alhamisi moja akaja josho peke yake, bila kundi, anavuta kamba, na mwisho wa kamba kuna mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Mtamba safi, wa kumtoa mtu mate. Mwalimu alikuwa amekaa nami ukutani.

"Huyu ni wako," Nkwabi akamwambia. "Mtu mwenye ng'ombe hahamishwi ovyo."

Mwalimu alipiga magoti kabisa, akasema "wabeja," neno letu la shukrani ambalo Shija alimfundisha. Machozi yakamtoka. Na mimi, kwa kuwa siwezi kuona jambo zuri nikaliacha lipite hivihivi, nikamchokoza mzee.

"Nkwabi, sasa kundi si limepungua?"

Akanitazama kwa dharau ambayo nilikuwa nimeikosa mwezi mzima.

"Limepunguaje? Si mwalimu mwenyewe kafundisha? Ukitoa mmoja, ni walewale."

Kwa hiyo, vijana wangu, alikuwa amelirudisha kundi lake kwenye kutoisha, na sikuwa na namna ya kumkatalia. Mwalimu alikuwa amesimama sasa, anamshika mtamba shingoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Jamani," akasema, "siamini. Mimi! Kwa hiyo sasa nina ng'ombe mmo—"

"Usihesabu!" tukapiga kelele, mimi na Nkwabi, kwa wakati mmoja.

Akafunga mdomo. Akatutazama, akamtazama mtamba. Kisha akainama, akaokota jiwe dogo pale chini, akalifuta vumbi na kulitia kwenye mfuko wa sweta.